Plau la Baba Yake na Herufi Nne za Kiingereza

Sentensi yenyewe naikumbuka hadi leo, pamoja na mahali ilipokatika ubaoni ikashuka mstari wa pili: "Although the old man had a rough cough, he thought he could plough through the field." Ilikuwa wiki ya pili ya Kidato cha Kwanza, katika shule moja ya bweni huku Nyanda za Juu Kusini. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba mwalimu alilazimika kupaza sauti. Akanyoosha chaki upande wangu, nikasimama.

Nilikuwa nimetoka shule ya msingi ya kijijini, Rungwe, ambako miaka saba yote tulisoma kwa Kiswahili na Kiingereza kilikuwa kipindi kama vipindi vingine. Kusoma nilikuwa najua, na nilikuwa najivunia. Kiswahili hakikuachi njiani. Ukishazijua silabi zake, hakuna neno kwenye gazeti litakalokushinda kulitamka, hata kama maana yake huijui. Basi nikaisoma sentensi ile kwa imani ileile, herufi kwa herufi, bila kuacha hata moja. "Olthougu," nikasema. "Rougu. Kougu." Darasa liliangua kicheko kabla sijafika katikati. Mwalimu naye alicheka, halafu akanipa adhabu ya kuandika sentensi ile mara hamsini. Muhula mzima jina langu likawa Kougu.

Niliandika mara hamsini na sikuelewa chochote. Nilichojifunza usiku ule, kwenye mwanga wa kibatari, ni kunyamaza. Miezi mingi baadaye nilikuwa mtoto anayejua jibu na asiyenyoosha mkono. Nalisema hili bila kumlaumu mtu mmoja, maana mwalimu yule naye alifundishwa hivyohivyo: kariri, ukikosea utachekwa. Ila kuna jambo ambalo laiti angenieleza mtu siku ile. Kusoma kwangu hakukuwa upuuzi. Kama ningesimama mbele ya watu wa London mwaka 1400 nikazitamka herufi zile zote, wangenisahihisha hapa na pale, lakini wasingeshangaa kwamba nimezitamka. Wao wenyewe walikuwa wanazitamka.

Sasa mimi ndiye mwalimu. Chumba ninachofundishia tuisheni kiko Mwanjelwa, jijini Mbeya, juu ya duka la pembejeo, kwa hiyo tunasoma Kiingereza huku tukinusa mbolea. Mwaka jana nilikuwa na binti wa Kidato cha Pili aliyetoka Ubaruku kule Usangu, anayeishi kwa shangazi yake hapa mjini. Siku moja nilitoa imla. Nilisoma maneno ishirini polepole, nikakusanya madaftari, nikakaa kusahihisha. Nilipofika kwenye daftari lake, neno la kumi na moja, mahali palipotakiwa kuandikwa "plough", alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa duara, wazi kabisa: plau.

Kalamu nyekundu ilikuwa tayari imegusa karatasi. Kuna kidoti mpaka leo kwenye ukurasa ule. Nikasita, nikamwita.

"Hili neno umelipata wapi?"

"Si ndilo tunalolimia nyumbani, mwalimu?"

Baba yake ana plau na maksai wanne. Majirani wengi wameshahamia kwenye pawatila, wanakodi kwa ekari, lakini yeye bado anafunga nira alfajiri, na binti huyu tangu akiwa mdogo ndiye aliyekuwa anatangulia mbele ya ng'ombe akiwaongoza, matope ya mbugani yakimfika magotini. Neno plau analijua kuliko mimi. Hakuwa amejua tu kwamba neno la shambani kwao na neno la kitabuni ni neno moja. Alilisikia likitoka mdomoni mwangu, akaliandika kama Kiswahili kilivyoliandika.

Nikainuka nikaandika ubaoni: plough. Akalitazama kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuthubutu kuuliza katika umri wake.

"Sasa hizi herufi nyingine zinafanya nini humu?"

Niliacha somo nililokuwa nimeandaa. Kwanza niliziandika herufi zenyewe peke yake, o-u-g-h, halafu nikayapanga maneno yanayozibeba na pembeni nikaandika yanavyosikika kwa masikio ya Kiswahili. "Though" ni dhou. "Through" ni thruu. "Rough" ni raf, na ndugu zake "tough" na "enough" wanaishia hivyohivyo. "Cough" ni kof. "Plough" ni plau. "Thought" ni thoot. "Thorough", ambalo ukilitazama haraka unadhani ni "through", linamalizikia kwa sauti hafifu kama a iliyochoka. Kuna "hiccough", kwikwi, linalosikika hikap; hilo lina kisa chake, kwa sababu watu waliona kwikwi inafanana na kukohoa wakaliandika kwa mfano wa "cough", ingawa neno la asili halikuwa na uhusiano nalo. Uingereza kuna mji unaitwa Slough, unasikika kama plau, na kuna mji mwingine unaitwa Loughborough, ambao una herufi hizo nne mara mbili katika jina moja, na kila mara zinasikika tofauti: Lafbara.

Darasa lilikuwa kimya. Kijana mmoja wa nyuma akasema, taratibu kabisa, "Hii si haki." Na mimi nakubaliana naye. Mtoto wa miaka kumi na tatu aliyesoma masomo yote kwa Kiswahili, anavuka likizo moja tu, akirudi anakuta baiolojia, jiografia na historia zote zimevaa Kiingereza, halafu Kiingereza chenyewe hakisemi kinachoandika. Anastahili angalau aelezwe kwa nini.

Sababu inaanzia kooni. Zamani Kiingereza kilikuwa na sauti ambayo leo hakina. Ni ile kh unayoisikia mtu wa pwani anaposema kheri au sabalkheri, hewa inayokwaruza nyuma ya ulimi. Waingereza wa kale waliitumia kila siku: katika usiku, katika mwanga, katika binti, katika kucheka, katika kufikiri. Mwanzoni waliiandika kwa h peke yake. Baada ya mwaka 1066, Wanormani kutoka Ufaransa walipoitwaa nchi, kalamu ziliingia mikononi mwa waandishi waliosomea mtindo wa Kifaransa, na hatimaye sauti ile ikazoeleka kuandikwa kwa herufi mbili, gh. Kwa hiyo gh ya "night" haikuwekwa pale kumtesa mtu. Ilikuwa inasemwa. Neno lilikuwa karibu na nikht.

Mimi mwenyewe haya niliyaamini kwa akili tu mpaka nilipoyasikia. Kanisani kwetu tulipata mgeni kutoka Ujerumani, mama wa makamo. Wamisionari Wamoravian wa Kijerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na mpaka leo wageni wa huko wanakuja kusalimia sharika. Baada ya ibada tulikaa nje tukinywa chai, nikamwomba anisemee kwa Kijerumani maneno machache. Usiku? Nacht. Binti? Tochter. Nane? Acht. Kucheka? Lachen. Nilifikiri? Dachte. Nilileta? Brachte. Kila neno lilikwaruza kooni mwake, na kila nilipoliandika Kiingereza chake kando, "night", "daughter", "eight", "laugh", "thought", "brought", nilikuta gh imekaa palepale koo lilipokwaruza. Aliniandikia orodha ile nyuma ya karatasi ya matangazo ya usharika. Ninayo, nimeibandika ndani ya jalada la kamusi yangu. Lugha hizi mbili ni ndugu. Mmoja ametunza sauti, mwingine ametunza herufi zake. Hata Waskoti, ambao wamisionari wao walifika Ziwa Nyasa mwaka 1875, katika lugha yao ya nyumbani bado wanaita usiku nicht, kwa kh kamili.

Basi ilikwenda wapi? Kusini mwa Uingereza ilianza kufifia, na kufikia miaka ya 1500 na 1600 ilikuwa inawatoka watu mdomoni. Haikufa kwa namna moja, na hapa ndipo nilipolifanyisha darasa jaribio, nawe lifanye hapo ulipo. Sema kh ya kheri, uivute bila kukata. Ukiwa bado unaitoa, kusanya midomo kama mtu anayepuliza jiko la mkaa. Umesikia? Hewa iliyokuwa inakwaruza kooni sasa inakwaruza midomoni. Kutoka hapo mpaka f ni hatua moja. Sasa, o na u ni irabu zinazokusanya midomo zenyewe. Kwa hiyo katika maneno kama "rough", "cough" na "enough" midomo ilikuwa tayari imeshakusanyika, na kh ikateleza mbele ikawa f. Katika "night" na "light" irabu ni i, midomo imetanuka, hakuna pa kuteleza; kh ikanyamaza tu. Ndiyo maana huwezi kukuta neno la aina ya "night" linaloishia na f. Chumba kizima kilikuwa kinakohoa na kupuliza, na muuza mbolea akapanda ngazi kuuliza kama kuna mtu amezidiwa.

Kinachovuruga ni kwamba si kila kijiji kiliteleza sawa. Mahali fulani walisema f, mahali pengine wakaimeza. Neno "dough", kinyunya cha unga, kusini likabaki bila f, lakini kaskazini wakalisema daf, na likaingia kamusini kama neno la pekee, "duff", jina la aina ya pudini. Neno moja, vijiji viwili, maandishi mawili. London ilikuwa inapokea watu kutoka kila upande, kama Mwanjelwa inavyopokea watu wa Chunya, Kyela, Ileje na Mbarali, na Kiingereza sanifu kikaokota huku na huku: kikachukua f katika "tough", kikaiacha katika "though". Linganisha "laughter" na "daughter". Zimetofautiana herufi moja ya mwanzo. Moja ina f, nyingine haina. Na wakati huohuo, kati ya miaka ya 1400 na 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa zinahama zote, moja inasukuma nyingine, hata ile ou ikasambaa kuwa sauti nyingi.

Katikati ya hama-hama hiyo ikaja mashine ya kuchapa. Mwaka 1476 William Caxton alifungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster. Wachapaji wakahitaji tahajia iliyotulia, na taratibu tahajia ikatulia, lakini midomo haikutulia. Ni kama kumpiga mtu picha akiwa anageuka. Picha ile ndiyo tunayoining'iniza madarasani Mbeya.

Huku kwetu tunazo picha za namna hiyo, ila hatuziiti hivyo. Bibi yangu hakuwahi kusema Rungwe. Alisema Lungwe, na mlima aliuona kila asubuhi akifungua dirisha. Ramani inasema Rungwe. Wahehe ngome waliita lilinga. Aliyeandika akaandika Iringa, na leo ni jina la mkoa. Mkwawa mwenyewe, mtawala wa Wahehe, ambaye Wajerumani waliiangusha ngome yake ya Kalenga mwaka 1894, jina lake refu ni Mkwavinyika, na lililobaki kwenye vitabu ni lile lililofupishwa. Kila jina kati ya haya ni sikio la mtu fulani, siku fulani, lililogandishwa kwa wino. Ukimwambia mtoto wa Iringa habari ya lilinga, haoni ajabu tena kwamba Mwingereza ana gh asiyoitamka.

Kiswahili nacho kilikabiliwa na kh hiyohiyo. Maandishi ya zamani yana khabari, yana khamsini. Watu wengi zaidi, hasa sisi wa bara, tulikuwa tunasema habari na hamsini, na tahajia ikafuata midomo. Kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki ilikuwa na kazi hiyo: kuhakikisha Kiswahili kinaandikwa kwa namna moja inayosomeka na wengi. Kazi ile imenifanya mimi na wewe tusome bila hofu. Lakini nasi hatukumaliza kila kitu. Tunaandika lugha, ghali, shughuli na magharibi kwa gh, na nenda sokoni Uyole uwasikilize wauza viazi: luga, gali, shuguli. Wanafunzi wangu wengi wanasema hivyo, na mimi nisipojiangalia nasema hivyo. Labda miaka mia tatu ijayo mtoto atauliza h ile inafanya nini mle ndani. Natamani atakayeulizwa asimcheke.

Kuna watu wanaosema Kiingereza kingefaa kisafishwe, kiandikwe kinavyosemwa. Wamarekani walijaribu kidogo: Noah Webster, katika kamusi yake ya mwaka 1828, aliandika "plow", na Marekani imeshika hivyo mpaka leo. Zamani ningemuunga mkono kwa mikono miwili. Siku hizi moyo wangu umegawanyika. Kama gh ingefutwa yote, karatasi ile ya mama wa Kijerumani isingenionyesha kitu. Undugu wa "daughter" na Tochter ungekuwa umezikwa. Hilo wataamua wenye lugha yao. Kinachonihusu mimi ni madawati kumi na nane yaliyo mbele yangu, na hapo msimamo wangu hauyumbi: mtoto anayezisoma herufi zote ameonyesha kwamba anajua kusoma. Mwanzie hapo. Mwambie, umesoma vizuri, ndivyo walivyosema zamani, sasa njoo nikuonyeshe palipobadilika.

Ndivyo ninavyofundisha sasa. Hatukariri orodha. Tunaanza na wale wa f, kwa sababu ni wachache na wanahesabika vidoleni: "rough", "tough", "enough", "cough", "trough". Ukishawaweka hao kando, neno lolote la ough unalolikuta lina uwezekano mkubwa kwamba gh imenyamaza, na kilichobaki ni kuitafuta irabu. Wenye t mwishoni, "bought", "brought", "thought", "fought", ni watulivu, karibu wote wanasikika sawa. Isipokuwa "drought", ukame, ambalo linafuata njia ya plau. Wanafunzi wanalipenda hilo la mwisho. Ukame na plau wanasema vimekaa pamoja kama inavyotakiwa, maana ardhi ikikauka plau haliingii.

Na maneno yaliyokwisha kuvuka mpaka yanatusaidia sana. Plau ni moja. Donati ni jingine. Wanazinunua kila mapumziko kwa mama mmoja pale chini, zimelala kwenye ndoo yenye mfuniko, na hakuna aliyekuwa anajua kwamba ndani yake kuna "dough". Waingereza huandika "doughnut", Wamarekani wengi huandika "donut", sisi tumeandika tulichosikia. Niliwaambia waangalie: herufi zilezile nne, lakini wazee wetu waliposikia au wakaandika au, waliposikia o wakaandika o. Hawakudanganyika na gh hata mara moja, kwa sababu walijifunza maneno yale kwa masikio, shambani na jikoni, si ubaoni.

Sikulikata neno lile la binti wa Ubaruku. Nilimwandikia "plough" pembeni, nikampa alama.

Siku mbili baadaye alichelewa kipindi. Aliingia akihema, mkoba begani, na kabla hajakaa akaomba ruhusa ya kuuliza. Alikuwa amepita kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na stendi, ambako wazee hukaa kutwa wakicheza drafti kwa vizibo vya soda, upande mmoja vimefunikwa, upande mwingine vimefunuliwa. Alisimama kuwatazama, na neno likamganda.

"Mwalimu, drafti ni Kiingereza?"

"Ndiyo."

"Basi ile f ni f ya kawaida, au ni ile ya koo?"

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo, pamoja na miaka yote niliyopita pale kijiweni. Nikafungua kamusi mbele yao, nikashuka na kidole mpaka kwenye d. Draughts. Nikamgeuzia kamusi aone mwenyewe. Aliisoma kwa sauti, akagusa gh kwa ncha ya kalamu yake, kisha akaenda ubaoni bila kuambiwa, akaandika drafti chini ya plau na donati.